Harufu ya Kiganja cha Kulia

Fundi alikuwa na mkasi mmoja ambao hakumwazima mtu. Hata marehemu mkewe, alipotaka kukata pazia, aliambiwa atumie kisu. Mkasi ule na mkono wake wa kulia vilikuwa chanda na pete: alikitazama kitambaa, akamtazama mteja, akakata, na suruali ikamkaa mwenyewe kana kwamba alizaliwa nayo. Kisha asubuhi moja, akifunga kamba za viatu, kiharusi kikamwangusha. Hospitalini ulimi ulirudi upesi, maana ulimi wa fundi haukuwahi kupenda kupumzika. Mguu nao ukafuata kwa kusuasua. Mkono wa kulia ulijikunja ngumi kifuani na ukakataa katakata kufunguka.

Dada yake mkubwa ndiye aliyekuja kumchukua. Mama huyu alikuwa amestaafu upishi katika hoteli moja, jikoni kwa vyakula vya Kitaliano, na miaka ya kuamrisha vijana kwenye moshi ilikuwa haijamtoka. Alimwambia daktari kwamba mgonjwa atakaa kwake, akamwambia mgonjwa kwamba hakuna mjadala. Mgonjwa alijadili kidogo ili asionekane amekubali, kisha akabebewa mto wake, wakaondoka.

Nyumba ya dada ilikukaribisha kwa pua kabla hujabisha hodi. Chumba cha nyuma, ambacho mwingine angerundika ndoo na viti vibovu, yeye alikifungia kamba ukuta hadi ukuta, na kwenye kamba vikaning'inia vishada vya majani ya kuungia chakula, vichwa chini: oregano, rihani, rozmeri na zaatari. Dirisha lilikuwa wazi lakini pazia limeshushwa, kwa sababu upepo hukausha majani, jua huyaibia harufu. Yakifika mahali pa kuvunjika kwa kuguswa tu, aliyafikicha, akayachekecha, akayachanganya na kuyafungia kwenye chupa za mdomo mpana. Oregano alitia kwa wingi, rihani ikaifuata nyuma, zaatari kiasi. Rozmeri alitia kidogo sana, kwa kuwa, alisema, rozmeri ni mgeni mwenye sauti kubwa, ukimpa nafasi hasikiki mwingine. Majirani walizigombea chupa hizo, na mwoka mikate wa mtaa wa pili alikuwa akija kuulizia kabla hazijajaa.

Fundi naye alifaidika. Daktari alikuwa amempiga marufuku chumvi, na chakula bila chumvi alikuwa amekiona adhabu, mpaka dada alipokinyunyizia majani yale. Alikula. Hakusifu, lakini sahani ilirudi nyeupe.

Shida ilikuwa mkono. Mtaalamu wa mazoezi alimpa mpira laini wa kubonyeza, akamweleza kwamba vidole visipofunguliwa sasa vitazoea kulala. Fundi aliubonyeza siku ya kwanza, mkono haukuitika, mpira ukadondoka ukabingirika chini ya kitanda, naye akauacha huko huko. Moyoni alikuwa amekwisha kuuzika mkono ule, na hakuona maana ya kuamsha maiti.

Siku moja akaja kumjulia hali fundi mwenzake, mwembamba mmoja ambaye karakana yao nzima ya ushonaji ilimwita Sindano. Sindano alisimulia vichekesho vya wateja, akanywa chai, na alipokuwa anaaga ndipo akalitoa lililomleta. Meza ya kukatia ilikuwa bado ni ya fundi. Mkasi wake ulikuwa kwenye droo, hakuna aliyeugusa. Ila tajiri mwenye karakana alikuwa ameweka mkataji wa muda, na alikuwa ameanza kumsifu. Tajiri alisema angesubiri, lakini kusubiri nako kuna mwisho. Fundi alicheka, akampa mwenzake mkono wa kushoto wa kwaheri. Mlango ulipofungwa aligeukia ukutani akalia, na dada, aliyekuwa anaosha vikombe, alimwona.

Kesho yake alimletea sinia lenye majani makavu, akamwekea magotini. Alilalamika kwamba vidole vyake vinamuuma siku hizi, uzee si mchezo, na mwoka mikate anasubiri. Amfikichie. Afikiche kwa mkono wa kulia, wa kushoto ushike sinia lisianguke. Fundi akaitikia vizuri kabisa. Dada alipotoka tu, akafikicha sinia zima kwa kushoto, chapuchapu, akajiona mjanja.

Jioni dada akaja na beseni na birika la maji kumnawisha, kama alivyofanya tangu augue, maana mkono mmoja haujinawishi. Lakini kabla ya kumimina maji aliushika mkono wa kulia, akaupeleka puani na kuunusa.

Fundi alihisi masikio yanamchemka. Walipokuwa wadogo, mama yao akiwa kazini hadi usiku, dada ndiye aliyewapakulia, na hakuna aliyegusa sahani kabla mikono yake haijanuswa kama imepita kwenye sabuni. Yeye ndiye aliyekuwa mkaidi wa kulowesha maji na kuja mbio, na hakuwahi kufaulu hata mara moja.

"Huu haujafanya kazi," dada akasema, akamimina maji.

Basi tu. Hakugomba, hakuhubiri. Fundi alikula ameinamia sahani, ndevu zake zenye mvi na yote, kama mtoto aliyekamatwa na sukari mdomoni.

Usiku huo alijiapiza kwamba mtu mzima hawezi kushindwa na pua. Asubuhi sinia lilipoletwa alikuwa na mpango. Angefikicha kwa kushoto kama jana, kisha angeupaka ule wa kulia majani ili unuke. Lakini ngumi haipakwi. Ilimbidi akibandue kidole gumba kwanza, halafu cha pili, halafu vingine, na akikifungua hiki, kile kinarudi kujikunja. Alitokwa na jasho. Alitukana kwa sauti ya chini, akayasukumiza majani kiganjani, akayasugua. Jioni akautoa mkono mwenyewe, kifua mbele.

Dada alinusa kiganja, akatikisa kichwa kukubali. Kisha akapenyeza pua katikati ya vidole.

"Kiganja sawa. Huku kati hakuna kitu."

Kumbe hata utotoni ndivyo alivyowakamata. Sabuni ya mwongo haifiki katikati ya vidole.

Siku zilizofuata fundi alikuwa na kazi. Alivipanua vidole kimoja kimoja, akachomeka majani ya rihani kati yake, akavibana kwa mkono wa kushoto mpaka majani yakavunjika. Vidole vilipopata kibali, dada akasema ncha hazinuki. Akashughulikia ncha: aliweka jani juu ya kidole gumba, akakisukuma kidole cha shahada kwa mkono wa kushoto mpaka vikakutana, akafikicha. Vilevile cha kati, vilevile cha mwisho, ambacho kilikuwa na kiburi kuliko vyote. Mchana ulipita asijue umepitaje. Kama angeambiwa hayo ni mazoezi, angelisukuma sinia mbali. Lakini huo ulikuwa udanganyifu, na udanganyifu aliufanyia bidii.

Mchana mmoja nzi alitua sikioni mwake. Fundi alimfukuza kwa mkono wa kushoto, akamkosa, akamfukuza tena, na wakati huo akasikia jani linavunjika. Aliangalia sinia. Mkono wa kushoto ulikuwa bado hewani. Kidole cha shahada cha kulia na kidole gumba vilikuwa vimekutana vyenyewe, na kati yake kulikuwa na vumbi la oregano.

Aliweka jani lingine. Akasubiri. Kidole kilikawia, kikatetemeka, kikaenda, jani likavunjika.

Akaegemea ukuta, akajikokota kwenda kumwambia dada, na alipofika mlango wa uani akasimama. Dada alikuwa amekaa kwenye kigoda, sinia kubwa magotini, anafikicha kwa mikono yote miwili kwa kasi ya mtu anayechambua mchele, huku anaimba. Vidole vile havikuwa na maumivu yoyote. Wala hakuhitaji msaidizi.

Fundi alirudi kwenye kiti chake polepole, asije akasikika. Alikuwa amejiona mjanja siku zote hizo, kumbe mwenzake alikuwa ametangulia kwenye kila kona, anamsubiri na pua yake. Shukrani ilimjaa kifuani. Alimshukuru Mungu kwa jani lililovunjika, kisha akamshukuru kwa jambo kubwa zaidi: kwamba alipokuwa ameukatia tamaa mkono wake mwenyewe, kulikuwa na mtu hapa duniani ambaye hakuukatia.

Aliendelea kufikicha, sasa bila ulaghai, na Sindano alipokuja tena alimnong'oneza amletee mkasi. Siku iliyofuata ukaja, umefungwa kwenye kitambaa cha pamba, na kitambaa hicho fundi alikikata viduara vya kufunikia chupa. Cha kwanza kilimchukua asubuhi nzima. Kilipokamilika kilikuwa na pembe ambazo duara halipaswi kuwa nazo.

Jioni dada aliikuta chupa mezani, imejaa, imefunikwa na kufungwa uzi. Aliigeuza. Akakipitisha kidole kwenye ukingo uliopinda.

"Nani kakata hiki?"

"Fundi."

"Fundi gani huyo anakata hivi?"

"Anayejifunza upya, dada."

Dada akageukia jiko, akakoroga sufuria ambayo haikuwa na haja ya kukorogwa, akaendelea kuikoroga. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Alileta beseni na birika, akaviweka mezani, akainua birika moja kwa moja.

"Umesahau kunusa," fundi akasema.

"Sina haja tena, mdogo wangu."

"Mimi ninayo."

Akaunyosha mkono wa kulia. Haukuwa ngumi tena. Ulitetemeka, lakini ulikuwa wazi. Dada aliweka birika chini, akaupokea kwa mikono yake yote miwili, akanusa kiganja, akanusa katikati ya vidole, akanusa ncha moja baada ya nyingine, taratibu, wala hakuruka hata cha mwisho. Fundi alimwambia asante. Alitaka kuongeza mengi, lakini hilo ndilo lililotoka, nalo lilitoka zima.

"Majani yapo," dada akasema. "Sabuni sijaisikia. Nenda kanawe, chakula kinapoa."

Fundi akainuka, akaenda kwenye bomba la uani peke yake. Akachukua sabuni, akaupitisha mkono wa kulia juu ya wa kushoto, na wa kushoto juu ya wa kulia, akavinawisha vidole mpaka katikati.