Mlango Chini ya Tao

Idara ya ujenzi ya jiji ilitaka historia ya daraja iandikwe katika kurasa kumi na mbili, na mtunza nyaraka alikuwa amekwama kwenye ukurasa wa saba. Kurasa sita za mwanzo hazikumpa shida. Palikuwa na kivuko, kivuko kikazama mara mbili, na watu wa ng'ambo wakachoshwa na ahadi. Hatimaye likajengwa daraja la zege lenye tao moja kubwa, lililobebwa na mbavu nne zilizolala sambamba, bila nguzo hata moja majini. Vibali vilikuwepo, ramani zilikuwepo, picha zilikuwepo. Ukurasa wa saba ulihusu siku ya kumwaga zege la ubavu wa kwanza. Siku hiyo mtunza nyaraka aliijua kuliko mtu yeyote idarani, lakini hakuwa na karatasi ya kuithibitisha.

Baba yake alikuwa seremala wa daraja hilo. Wenzake walimwita Milimita, kwa sababu hakukubali ubao mmoja umzidi mwenzake hata kwa unene wa ukucha. Kazi ya maseremala ilikuwa kuunda umbo la mbao ambamo zege lingemwagwa na kulala mpaka likomae. Sheria ilikuwa moja: zege la ubavu mmoja humwagwa mfululizo, tangu alfajiri hadi jioni. Likisimama katikati linaacha mshono, na ufa haupendi mahali pengine ila hapo. Siku ile, saa nne asubuhi, sehemu ya mbao iliachia, na ghalani hapakuwa na ubao uliobaki. Milimita alitoka mbio.

"Nilikuwa nimekaa nachana nywele," mama alisimulia kila alipoulizwa, na mara nyingi bila kuulizwa. "Mimba yako, tumbo hili hapa. Akaingia, salamu hakuna, akaanza kung'oa bawaba. Nikamwuliza, mume wangu, kwani tunahama? Akasema, daraja linauhitaji mlango kuliko sisi. Akajitwika, huyo, akaondoka. Majirani wote wananitazama na kitana mkononi."

Mwezi mzima walilala nyuma ya pazia. Mbao zilipobomolewa, mlango ulitoka vipandevipande, haufai hata kwa kuni. Milimita hakusikitika. Alimwambia mkewe kwamba zege huiga kila kitu linachoegemea, na kwamba mlango wao sasa ungedumu kuliko nyumba yenyewe. Akatengeneza mwingine, akaufunga, na wiki iliyofuata akaitwa kwenye daraja jingine, mbali sana. Alituma barua mbili. Ya tatu iliandikwa na mtu mwingine, ikasema homa ilimchukua siku nne, na kwamba wamemzika vizuri. Kambi ya wajenzi ikahamishwa, na aliyejua kaburi liko wapi hakupatikana tena. Binti yake alizaliwa siku kumi na moja baada ya barua hiyo.

Ndiyo maana mlango ule haukuwa hadithi ya kuchekesha tu, ingawa mjomba aliugeuza kuwa hivyo.

"Shemeji yangu alikuwa na maneno matamu," mjomba alipenda kusema akishashiba. "Mlango aliuuza, akaja na hadithi ya zege."

"Wewe umejenga nini maishani, kaka," mama alimjibu, "zaidi ya hilo tumbo?"

Watu walicheka. Mtunza nyaraka naye alicheka, lakini alikuwa na jambo ambalo hakumwambia mtu. Mara mbili, katika miaka yake ya kwanza kazini, aliomba nafasi kwenye boti ya wakaguzi. Mara zote mbili alisimama chini ya ubavu wa kwanza na tochi, akaupitia wote, akaona mbao ndefu zilizojichora kwenye zege kutoka ukingo hadi ukingo, zimenyooka, hazina kasoro. Mlango hakuuona. Mama alipouliza, alimwambia kulikuwa na giza. Tangu hapo alibeba shaka peke yake: kwamba baba alisema uongo mtamu, au mama aliutunga baadaye ili mtoto awe na kitu cha kushika.

Jumatatu ile, akitafuta karatasi ya ukurasa wa saba, alifungua daftari la karakana ya maseremala. Hakuwahi kulifungua kwa sababu orodha ililitaja kama daftari la misumari. Ndani yake, kati ya hesabu za misumari, seremala mkuu alikuwa ameandika kazi za kila siku. Mtunza nyaraka alisoma mstari mmoja mara tatu. "Ubavu wa kwanza, upande wa banda. Mbao zimeachia. Milimita ameziba."

Upande wa banda. Alivuta picha ya zamani na kuitazama kwa kioo cha kukuzia. Banda la mbao lilikuwa upande mto unakoelekea. Wahandisi walizihesabu mbavu kuanzia mto unakotoka, kama ramani zao zilivyotaka. Maseremala walizihesabu kuanzia mahali walipotundika makoti yao. Ubavu wa kwanza wa baba yake ulikuwa wa nne kwenye ramani. Miaka ishirini na tano iliyopita alikuwa ametafuta kwenye ubavu usio wake.

Hakuaga mtu. Alichukua kamera na kuteremka ukingoni, kwa sababu alijua, na jambo hilo lilimfanya akaribie kukimbia, kwamba mafundi wa ukarabati walikuwa wameshapanga jukwaa lao chini ya ubavu wa nne.

"Karibu, dada," msimamizi alimwambia. "Tulikuwa tunataka kukufuata. Tunapaka saruji leo, na bila sahihi yako kwamba uso wa zamani umepigwa picha, siruhusiwi kugusa."

"Mmeona kitu chochote cha ajabu?"

"Kuna mahali mbao zimekaa ovyo. Mtu alikuwa na haraka."

Alipanda ngazi nne za chuma bila kutazama maji. Juu kabisa, zege lilikuwa karibu na uso wake kama dari ya chumba kidogo. Mbao ndefu zilikuja, zikakatika ghafla. Katikati yake kulikuwa na mbao sita fupi zilizolala kinyume na nyingine zote, na kila uzi wa mti ulionekana. Mahali pa bawaba palikuwa na alama mbili. Tundu la ufunguo, ambalo zege lilikuwa limelijaza, sasa lilitokeza kama kinundu kidogo. Alikigusa kwa kidole, kisha akaweka kiganja kizima. Kilikuwa baridi, na kilitosha katikati ya kiganja.

Alimpigia mama simu.

"Mama, nimeuona."

"Umeona nini?"

"Mlango."

Mama akasema, kwa sauti ya mwalimu anayemshuku mwanafunzi, "Ubao wa tatu una nini?"

"Una jicho la mti. Kubwa, kama yai."

"Ndilo hilo," mama alisema. Nyuma yake ilisikika redio ya jirani.

Msimamizi alikuwa amepanda akasimama pembeni, kofia mkononi. Alipoelezwa, alitikisa kichwa taratibu. Alimwonyesha mstari mwembamba wa unyevu uliopita kati ya ubao wa pili na wa tatu. "Tazama hapa," alisema. "Maji yanaingia, nondo za ndani zinaanza kushika kutu. Nikikuachia hata kipande cha ukubwa wa sahani, miaka kumi tunaanza upya. Pole sana."

"Mpe mama yangu siku mbili. Nimlete aone."

"Kwa magoti haya?" mama alisema kwenye simu. Alikuwa amesikia yote. "Mtanivuta kwa kamba kama mfuko wa saruji?"

"Tutatafuta njia, mama."

"Hapo pana ubaya gani, anasema?"

"Maji yanaingia."

"Basi baba yako asingengoja hata nifike. Si unamjua."

"Simjui, mama," alisema, na sauti ikamponyoka. "Mimi simjui."

"Basi mshike kidogo," mama alisema. "Halafu uwaachie watu wafanye kazi yao."

Mtunza nyaraka alipiga picha tisa. Alitia sahihi kwenye karatasi ya msimamizi, akaandika tarehe, na mahali palipoandikwa "ubavu" aliandika "wa nne", akaongeza "wa kwanza kwa maseremala". Fundi mwashi alipanda na ndoo yake. Aliona mkono wa mtunza nyaraka ukiwa bado juu ya zege, akageuza mchanganyiko kwa mwiko, akaugeuza tena.

"Dada," alisema hatimaye kwa adabu, "saruji inashika."

"Anzia huko kwenye bawaba," alimjibu bila kugeuka. "Mimi nitakuwa nasogea."

Fundi akaanza. Ubao wa kwanza ulifunikwa, laini, wa kijivu kibichi. Mkono ukahamia ubao wa pili, kisha wa tatu, ukapita juu ya lile jicho la mti polepole. Mwiko uliukaribia. Fundi aliupunguza mwendo kadiri saruji ilivyoruhusu.