Meseji Isiyofika

Atuganile alikuwa amechoshwa na meseji. Za kubeti, za mikopo ya papo kwa papo, za waganga wa kurudisha wapenzi, simu haikutulia. Siku moja shuleni, mwalimu mwenzake Erasmus aliichukua, akabonyeza hapa na pale, akamrudishia.

"Kuanzia leo utapata za watu uliowasevu tu."

Kweli, simu ikanyamaza. Hakuna kati yao aliyekumbuka kwamba hata tahadhari za mafuriko za kamati ya mtaa hutoka kwenye namba ambayo mtu haisevu.

Jumamosi moja ya masika jua liliwaka mtaani kwao Mtoni, karibu na mto. Atuganile alikuwa uani anafua. Mama yake, ambaye kiharusi kilikuwa kimemlaza tangu mwaka uliotangulia, alikuwa ndani kitandani. Atuganile akawaona majirani wakitoka na magodoro kichwani, wengine wakikokota friji kwenda barabarani. Alishangaa, lakini hakuuliza. Mlango wa karibu ulikuwa wa Mwanaheri, na yeye na Atuganile hawakuwa wakisemezana tangu wagombane kuhusu mfereji wa maji machafu.

Mwanaheri alipita na vyombo vyake kimya. Baadaye alikuja kusema kwamba alimwona mwalimu anaanika nguo, akadhani ameipuuza tahadhari kwa kiburi tu. Alifika mbali kidogo, akasimama, akarudi.

"Mwalimu, mama yako unamwacha humo?"

"Kwani kuna nini?"

"Hujapata meseji? Huko juu Pugu mvua imenyesha tangu alfajiri. Mto unakuja."

Atuganile alifuta povu mikononi, akatazama simu. "Mie sijapata kitu."

Mwanaheri hakungoja maelezo. Aliingia ndani, akamsalimia yule bibi kitandani shikamoo, akakusanya ncha za shuka alilolalia. "Shika huko miguuni."

Wakambeba hivyo hivyo. Walipovuka uwanja maji yalikuwa yanawafika magotini, mekundu, yamebeba makopo na majani. Bibi aliuliza kwa Kinyakyusa anapelekwa wapi. Atuganile alitaka kumjibu, pumzi hazikutosha. Walipomlaza kwenye baraza la duka barabarani, ukuta wa nyumba yao ulikuwa umeshaanguka upande wa kitanda.

Maji yalipopungua Atuganile alikwenda ofisi ya serikali ya mtaa. Mtendaji wa mtaa, Revelian, aliichukua simu yake, akafungua sehemu ya meseji zilizozuiwa. Tahadhari zilikuwamo, ya kwanza ya asubuhi ya Jumamosi ile.

"Na spika ya kutangazia?" Atuganile aliuliza.

"Mbovu, mwalimu. Tukaona simu zinatosha."

Revelian akaisevu namba ya kamati, akaiondolea kizuizi, akamrudishia simu. Atuganile hakumlaumu, wala hakumshukuru.

Nyumbani alimkuta Mwanaheri anasukuma tope nje ya kizingiti kwa fagio.

"Naomba namba yako niisevu," Atuganile alisema.

Mwanaheri aliitaja harakaharaka, bila kuinua macho. Atuganile akamwomba airudie, safari hii polepole.