Yule Aliyepewa Jina la Davies

Miye Marthe sina moyo wa kungojea, na siku ile pale boma, ofisi ya serikali ya Nchelenge, karibu nivunje kiti. Tulikaa tangu asubuhi, miye na Rosaria, ambaye tunauza naye samaki sokoni tangu nilipoanza kushuka kutoka kambi ya wakimbizi ya Mantapala. Yeye alitulia. Miye nilisimama, nikakaa, nikachungulia mlangoni, utasema bwana aliyekufa alikuwa wangu.

Bwana yake, Davies, alikuwa soda wa jeshi. Alipomaliza jeshi akapata kazi tena, kulinda bohari pale bandarini, akaugua akiwa katika kazi hiyo, akafa. Hapo taabu ikaanza. Rosaria alipodai pansheni ya bwana yake, watu wa jeshi walimwambia aende kwa wenye kazi ya pili, na hao wakamrudisha jeshini. Mwaka mzima walimrusha hivyo. Watoto wake walikuwa wamefukuzwa shule, na bila pansheni ile wasingerudi.

Ofisa mupya, kijana mpole, akasoma karatasi. Akasema kwa Kibemba, ambacho nakisikia vizuri, "Mama, haki yako iko. Kazi ya pili haiondoi pansheni ya jeshi. Ila kama umeolewa tena, imekwisha."

Rosaria akasema hajaolewa. Nilitaka kuimba.

Ofisa akamtazama Mwila, aliyetusindikiza. "Na huyu ni nani?"

"Ni miye Davies," Mwila akajibu. "Huyu ni bibi yangu."

Jamani! Mwila ni mutoto wa dada ya Davies. Baada ya matanga wazee walimpa jina na nafasi ya mjomba wake, ndivyo wanavyofanya huku ili marehemu asipotee. Bibi aliyemuoa yeye mwenyewe yuko Mununga, na kwa Rosaria hajalala hata mara moja. Lakini jina ukipewa unalibeba. Watoto wa Rosaria walimwita tata, yaani baba, naye aliwaletea samaki, akawagombeza, akawabembeleza. Ukimuuliza yeye ni nani, anajibu alivyofundishwa, hata mbele ya biro ya serikali.

Ofisa akaweka kalamu chini. "Desturi naijua, mama. Lakini amesema mbele yangu. Basi useme weye: Davies ni huyu, ao Davies amekufa?"

Mwila akatazama sakafu. Yeye hangeweza kulikana lile jina, ingekuwa kumtupa mjomba wake. Nilimfinya Rosaria mkono. Sema, mama, sema tuondoke hapa. Akautoa mkono wake.

"Davies amekufa," akasema. "Nilimfumba macho miye mwenyewe. Huyu ni Mwila, mutoto wa wifi yangu."

Ofisa akapiga mhuri. Mwila alitoka, akashuka mpaka majini, akapanda mutumbwi wa Mununga bila kuaga. Nilimwita, hakugeuka. Nikamkasirikia, kisha nikamhurumia, kisha nikajikasirikia miye.

Blessings, mutoto wa mwisho wa Rosaria, alitungoja njiani.

"Tata iko wapi?"

Rosaria akachuchumaa, akamshika mabega. "Mutarudi shule," akasema. "Wote."

"Nauliza tata."

"Tata amekufa, Blessings."

Siku ya mazishi ya Davies mutoto huyu alicheza na wenzake. Sasa alikaa chini palepale barabarani, akaanza kulia, na hatukuweza kumnyamazisha.