Uso wa Mpiga Besi

Pua ya tatu iligoma kukwanguka. Eksilda Kafula aliuinamia ubao akiwa na wembe uliofungwa kitambaa upande mmoja, akawa anaipitia taratibu kutoka juu kwenda chini kama mtu anayepaa samaki, mpaka rangi ya kahawia ikaanza kutoka vipandevipande na weupe wa ubao ukachungulia. Pua mbili za juzi alizifuta zikiwa bado mbichi, kwa tambaa lenye mafuta ya taa. Hii aliiacha ilale, akitumaini kwamba asubuhi ataiona nzuri. Asubuhi aliikuta ni kiazi kilekile.

Kabla ya kuanza kazi ile ya jalada la santuri alikuwa ameugawa ubao kwa penseli, miraba kumi na miwili kwenda juu na kumi na miwili kwenda pembeni, jumla mia moja arobaini na minne. Miraba mia moja ishirini na minane ilikwisha. Kilima cheusi cha takataka za mgodi kilikuwa tayari, na ule uji mwekundu wa mawe yaliyoyeyushwa tanurini unaomwagwa juu yake ulikuwa ukiteremka vizuri. Chitalu, mwimbaji wa bendi ya Nkuba, alisimama kushoto. Kapasa wa gitaa alisimama kulia, na Mubita wa ngoma nyuma. Mbele yao, akiwa ameketi, alikuwapo Zakeyo Jere, mpiga besi: suti ya kijani, ukosi mpana kama mabawa ya kunguru, gitaa juu ya mapaja, vidole kwenye nyuzi. Juu ya ukosi hapakuwa na kitu. Ilibaki miraba kumi na sita.

Chitalu alitokea upenuni bila hodi, visigino virefu vya viatu vyake vya jukwaani vikigonga sakafu.

"Ba Eksilda," akaita kwa heshima, "uso bado?"

"Bado."

"Na mimi nimekwisha?"

"Wewe ulikwisha Jumanne."

Chitalu alisogea ubaoni, akajitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Hizi ndevu ni zangu kabisa."

"Ndevu na miwani ni rahisi, mdogo wangu. Nyie watatu mmejificha humo. Mwenzenu ndiye hana pa kujificha."

"Si umpe na yeye miwani?"

"Hataki. Mama yake alisema mwanawe hatawatazama watu kupitia dirisha."

"Basi mchoree chungwa!" Chitalu akapiga makofi. "Chungwa kubwa juu ya ukosi, na kofia juu ya chungwa. Kitwe nzima itakufa kwa kicheko. Kila ninapopita sokoni naulizwa, safari hii Mbemba atamficha wapi yule Mngoni?"

Eksilda alipuliza vumbi la rangi kwenye ubao.

"Mimi nakwambia mapema," Chitalu akasema, sasa bila mzaha. "Kesho saa nne napanda basi la Ndola. Ama nina ubao huu kwapani, ama sina. Nikifika mikono mitupu, yule bwana wa kampuni atatupanga ukutani na kamera yake kama watoto wa darasa la nne, na hiyo ndiyo itakuwa santuri kubwa ya kwanza ya Nkuba. Jina lako halitakuwepo hata nyuma. Chungwa ni dakika kumi, dada. Fikiria."

Akaondoka akisema atarudi jioni.

Chungwa lilikuwa na historia yake. Miaka mitatu kabla ya hapo, Nkuba walipotoa santuri yao ndogo ya kwanza, walimjia Eksilda awachoree jalada, kwa sababu ndiye aliyeandika mabango ya maduka yote ya Chamboli, mtaa wao wa Kitwe. Hakufundishwa na mtu. Alijifunza herufi kwa kunakili makopo, na samaki kwa kuwatazama kabla ya kuwapika. Hata bango la kinyozi alilichora kwa akili: vichwa vyote vilitazama kule, mteja akaona mkato wa kisogo. Kwa jalada lile alipima kila kitu mara mbili, akamweka Zakeyo katikati na wenzake kumzunguka. Hakuna aliyemwambia kwamba mtambo wa Ndola una kisu kimoja kwa majalada yote ya santuri ndogo, na kwamba kisu hicho hutoboa tundu kubwa katikati ili mwenye duka asome maandishi ya santuri. Majalada yaliporudi, Zakeyo alikuwa ameliwa kutoka nywele hadi mkanda. Vilibaki viatu vyake na ncha ya gitaa, na pale palipokuwa sura yake palichungulia karatasi ya santuri, ya duara, rangi ya chungwa.

Chamboli ilicheka wiki mbili. Eksilda alikuwa Mbemba, Zakeyo Mngoni, na Wabemba na Wangoni ni watani tangu mababu zao walipochoka kupigana. Hakuna aliyefikiri ni kosa. Walisema ni utani, tena utani wa mwaka. Zakeyo akaitwa Chungwa, naye akacheka kwa sababu mtani hanuni.

Jalada la pili Eksilda alilijua tundu, akaligeuza kuwa uso wa ngoma, Zakeyo nyuma yake. Jalada la tatu lilikuwa mdomo wa shimo la mgodi unaotazamwa kutoka chini, na helmeti nne zimeuzunguka, taa zake zikiwaka hata sura hazionekani. Watu walilipenda hilo kuliko yote. Wengine walilinunua wakiwa hawana hata gramafoni. Bendi nyingine za Kitwe na Luanshya zilianza kumtumia salamu mchoraji wa tundu. Sasa jalada la santuri kubwa halina tundu. Kampuni ilimletea karatasi ya kipimo, mraba mtupu mzima, usio na mahali pa kumfichia mtu.

Alikuwa bado ameshika wembe aliposikia sauti ugani.

"Hodi kwa wala nyani!"

"Karibu, mla panya. Meza kwanza, usije ukatema mkia."

Aliyeingia alikuwa NyaSoko, mama yake Zakeyo, mwanamke mrefu mwenye bakuli la vitumbua kichwani. Alilitua na kuanza kuzunguka upenu akikagua vitu, mikono nyuma kama mnunuzi.

"Nimekuja mapema nichague faini yangu ya utani. Jalada la kwanza nilichukua kuku. La pili kigoda. La tatu mwiko, na mwiko wenyewe haukuwa na maana. Safari hii naona nichukue hiyo baiskeli."

Siku nyingine Eksilda angemkimbiza na fagio mpaka barabarani, na majirani wangetoka kushangilia. Leo alibaki ameinama.

"Mama, leo sina utani."

NyaSoko akageuka. Akaona ubao, akaona pale mahali peupe juu ya ukosi. Akavuta kreti, akaketi.

"Lile jalada la kwanza," Eksilda akasema, "sikumficha Zakeyo. Sikujua kama wanatoboa. Nilimweka katikati kwa sababu nilidhani ndipo pa heshima. Watu walipocheka nikaona afadhali niitwe mtani kuliko niitwe fundi asiyejua kazi. Na yale mengine mawili nilimficha kweli, kwa sababu sijui kuchora sura ya mtu. Najua samaki. Najua herufi. Hapa nimekwangua pua tatu, na nikichora chungwa watu watacheka tena, lakini mimi nitajua."

NyaSoko alichukua kitumbua kimoja, akakitafuna, akakimeza.

"Mwanangu, hilo nililijua siku ileile. Mbemba gani ana akili ya kubuni utani kama ule?"

Eksilda alimkodolea macho. "Na kuku wangu?"

"Kuku alikuwa mnono."

Kicheko kilimtoka Eksilda kwa nguvu mpaka akaketi chini sakafuni, wembe mkononi, na NyaSoko naye akacheka huku akijipiga paja. Walipotulia, NyaSoko akafuta macho kwa pindo la kitenge.

"Dada yangu wa Chipata ameyabandika majalada yote matatu ukutani," akasema. "Kila mgeni anayeingia anaonyeshwa viatu. 'Huyu hapa ndiye mwanetu wa Kitwe.' Viatu! Sasa mchore."

"Hakai. Nikimweka mbele yangu anapiga mguu chini, na kichwa kinafuata."

"Huyo hajatulia tangu tumboni. Nichore mimi. Hii sura unadhani aliinunua dukani?"

Eksilda akamtazama. Paji lilelile pana, mashavu yaleyale yaliyojengeka juu. Akaenda ndani, akarudi na fremu ya chekecheke lililotoboka. Aling'oa wavu uliobaki, akafunga nyuzi tatu wima na tatu za kulala, akazipima kwa rula mpaka zikatoa miraba kumi na sita iliyo sawa. Ndivyo alivyokuwa akinakili picha za makopo tangu zamani, ila hakuwahi kufikiri kwamba mtu mzima naye anaweza kutazamwa hivyo. Aliifunga fremu kwenye nguzo ya upenu, akamkalisha NyaSoko nyuma yake na kofia ya Zakeyo kichwani.

"Usicheke, mama."

"Wewe ndiye unayenichekesha. Unanitazama kama nyama ya buchani."

Alianza na mraba wa juu kushoto. Hapakuwa na uso mle, palikuwa na ukingo wa kofia na kivuli chini yake. Hilo aliliweza. Mraba wa pili, mwanga kwenye paji, mpana kama kitako cha kijiko. Hakujiuliza pua iko wapi. Aliuliza tu, hapa kuna nini, giza linaishia wapi, kisha akaliweka palepale lilipoishia. Kila alipomaliza mraba alirudi nyuma hatua tatu, akafumba jicho moja, akarudi.

Wanawake waliotoka bombani walitua ndoo zao, wakasimama ugani. Walianza kubishana kama yule ni NyaSoko au ni nani, na NyaSoko akawaonya kwa pembe ya mdomo kwamba atakayemtaja kwa jina hatapata kitumbua. Ilipofika alasiri, Eksilda alimaliza jicho la kushoto. Aliliona mle ndani ya mraba ni jani dogo jeusi lenye tone jeupe, akalichora jani na tone. Aliporudi nyuma hatua tatu, kijana wa watu alikuwa akimtazama.

"Chungwa!" mwanamke mmoja akapiga yowe. "Haki ya Mungu, ni Zakeyo! Tazama anavyokonyeza!"

"Hakonyezi," Eksilda akasema kwa upole. "La pili bado."

Chitalu alirudi jua likielekea kilimani, amebeba chungwa moja kubwa, zuri, la kuchorea mfano. Alipita katikati ya wanawake, akafika ubaoni. Alitazama lile jicho, akamtazama NyaSoko chini ya kofia, akatazama jicho tena.

"Ananitazama kana kwamba nimekosea mdundo," akasema.

"Si umekosea?" akauliza NyaSoko. "Kila Jumamosi nakusikia."

Chitalu akamenya chungwa, akawagawia watu vipande, mmoja mmoja. "Saa nne kesho, Ba Eksilda. Yatatimia macho mawili na mdomo?"

"Imebaki miraba tisa. Leo mwanga umekwisha, sitaki kuharibu. Jua likichomoza niko hapa. Lakini rangi haitakuwa imekauka."

"Nitaubeba kichwani, uso juu. Atakayenigusa ndani ya basi atanijua. Na kama saa nne haijatosha, basi la saa sita nalo lina magurudumu."

NyaSoko alijinyoosha shingo, akavua kofia. "Mimi nitakuja alfajiri. Mdomo wangu wa jioni haufai kuchorwa, umesema mengi."

Walipoondoka, Eksilda hakuifungua fremu kwenye nguzo. Alizungushia miguu ya kreti mstari wa chaki, ili kesho ikae palepale. Aliuinamisha ubao na kuufunika kwa boksi, vumbi la mgodi lisiushike ukiwa mbichi, kisha akaosha brashi zake tano kwa mafuta ya taa na kuzilaza kwa ukubwa wake. Mwisho alichanganya rangi ya midomo ndani ya kopo. Aliitazama karibu na mlango, mahali palipobaki mwanga kidogo, akaongeza tone moja la nyekundu, akakoroga, akaona bado, akaiachia mwanga wa kesho, akakaza kifuniko.