Kitabu Alichokisahihisha Mchumba

Asubuhi ile msusi alikuwa amekaa kwenye kochi la saluni anachambua rasta, ndefu huku, fupi huku, lakini masikio yote yako barabarani. Kila pikipiki ikipita, shingo inageuka.

"Utavunjika shingo, shoga," akamtania mwenzake anayepaka watu rangi za kucha. "Kwani Mzee wa Malengo anakuja na mahari leo?"

"Ananirudishia kitabu."

Mwenzake akacheka mpaka brashi ikamponyoka.

Mzee wa Malengo ni mchumba wa msusi, fundi umeme. Jina walimbandika hapo saluni kwa sababu hawezi kukaa na mtu bila kumuuliza malengo yake. Msusi alimpendea kusoma. Mwaka mzima wanaambiana kwenye simu "niko na kitabu", kila mtu na chake, na hakuna aliyewahi kuuliza, kitabu gani?

Sasa fundi amepata kazi mji mwingine. Wakishaoana wanahama, saluni inaachwa. Ameshaongea na mama mkwe, ameshaongea na shemeji, mpaka mwenye nyumba anajua. Msusi peke yake ndiye hajaulizwa. Na mdomo wake ni mzito, yaani neno likifika kooni linarudi lilikotoka. Ndiyo maana alimpa ile riwaya anayoipenda. Kuna mahali mke amesimama mlangoni na sanduku, mume ameshapakia vyombo vyote kwenye gari, na mke anasubiri tu mtu amuulize kama anataka kwenda. Ukurasa mzima anasubiri. Msusi akifika hapo lazima alie. Akajiambia, akisoma hapa ataelewa, sitahitaji kusema.

Fundi akaingia, waya begani, bisibisi mfukoni. Msusi alikuwa ameshaanza kumsuka mteja.

"Mama, kitabu chako hiki hapa. Nimekimaliza!"

"Umekionaje?"

"Kizuri. Kinazunguka tu. Lakini usijali, nimekutolea mafunzo."

Msusi akafuta mikono, akafungua. Kalamu nyekundu kila mahali. *Hapa angeweka akiba. Mume ana maono, mke amsikilize.* Akakimbilia ule ukurasa wa mlangoni. Fundi alikuwa ameukata wote kwa mstari mmoja, pembeni ameandika: *Anapoteza muda. Gari linasubiri.*

"Umeandika kwenye kitabu changu."

"Sasa bila kalamu utasema umesoma?" Akatoa kitabu kinene, jaladani mwanaume wa suti amekunja mikono. "Wewe soma hiki. Kitakusaidia kule tunakohamia."

Msusi akarudi kwenye kichwa cha mteja.

"Na pale mlangoni," akasema kwa sauti ndogo, "hukuona kitu?"

"Mlango gani?"

"Dada, unanivuta!" mteja akalia.

Simu ya fundi ikaita, kuna mashine ya kusaga imezima. Akaondoka mbio. "Tutaongea, mama!"

Mteja alipomaliza kusukwa na kwenda, msusi akakijaribu kile kitabu cha suti. Hatua ya kwanza, hatua ya pili, hatua ya tatu. Humo ndani hakuna mtu anayelia, hakuna hata mwenye shangazi. Akakitupa kwenye kochi.

"Si umwambie kwa mdomo?" yule wa kucha akasema. "Yule hata taa ikiungua lazima aoneshwe ni ipi."

"Kwani mke wa kwenye kitabu hakuonekana?"

"Ameonekana na wewe tu, shoga. Wewe."

Msusi akachukua simu. Akaupiga picha ule ukurasa, wino mwekundu na yote, akaandika chini yake: "Huyu hapotezi muda. Anasubiri kuulizwa. Na mimi hujaniuliza kama nataka kuhama."

Akamtumia fundi kabla kidole hakijabadili mawazo.

Alama za ujumbe kusomwa zikawa za bluu pale pale. Ikaonyesha fundi anaandika. Ikaacha. Ikaonyesha tena, ikaacha.

Mteja mwingine akakaa kwenye kiti. Msusi akaiegemeza simu kwenye kioo ili aione, akaanza kugawa nywele. Upande mmoja wa kichwa ukaisha, akahamia wa pili. Simu ilikuwa imezima mwanga wake. Akaigusa ikawaka, na ujumbe wa mwisho bado ulikuwa wa kwake.