Chavua za Mwaka Jana

Kwa kosa la kupiga kengele ya chakula saa nne asubuhi, hadi shule nzima ikatupa madaftari na kukimbilia sahani, nilihukumiwa kuhesabu chavua muhula mzima. Kila siku nilipanda paa la maabara, nikateremsha kioo kilichopakwa mafuta, nikakiweka chini ya hadubini na kuhesabu chavua za nyasi zilizonaswa. Idadi niliiandika daftarini. Mwalimu wa biolojia alikuwa na madaftari ya miaka ishirini na mmoja.

Siku ya tatu uvivu ukanishauri: nakili namba za mwaka jana. Nyasi ni nyasi. Nikanakili siku tisa, kwa mwandiko mzuri sana.

Mdogo wangu wa kidato cha kwanza ana pumu. Bwenini anaitwa Kinanda, kwa jinsi kifua chake kinavyolia. Miezi miwili alikuwa akijifua kwa mbio za nyika za Jumamosi. Alhamisi, nesi wa shule alifungua daftari langu mbele yetu, maana chavua huwabana pumzi wenye pumu.

"Chavua bado chache. Utakimbia, mwanangu."

Kinanda akapiga chafya. Nikahesabu kumi na nne mfululizo, hesabu yangu ya kwanza ya haki tangu wiki iliyopita.

Nilipanda paani mbio. Chini ya hadubini chavua zilibanana kama sisi kwenye foleni ya chai. Nikafungua madaftari ya zamani: kila baada ya miaka michache, nyasi zilitangulia kuchanua kwa siku mbili tatu. Mwaka huu zimeruka siku tisa kwa mpigo.

Nikarudi kwa nesi, nikasimama wima kama shahidi.

"Namba hizo ni za mwaka jana. Za leo ni mia nne na sita. Asikimbie."

"Kaka, umeniuza mchana kweupe," Kinanda akasema.

"Nimekuuza ukiwa mzima, mdogo wangu. Maiti haina bei."

Nesi akalifuta jina la Kinanda kwenye orodha ya wakimbiaji. Mwalimu wa biolojia hakunikaripia, alinipa karatasi ya grafu nichore namba za miaka yote, kisha akanituma kwa mkuu wa shule nikaitetee mwenyewe.

"Kwa nini nikuamini wewe?" mkuu akauliza.

"Usiniamini mimi, mwalimu. Amini miaka ishirini na mmoja. Siku tisa zangu nimezikata kwa wino mwekundu. Tarehe ya mbio ilipangwa kabla nyasi hazijabadili ratiba bila kuomba ruhusa."

Akaifuata ile mistari ya grafu kwa kidole, kisha akaahirisha mbio hadi mvua ioshe hewa.

Wiki ya tano baada ya hapo mdogo wangu alikimbia, akafika wa saba. Sikumwona. Nilikuwa paani nahesabu, na chavua zilikuwa tatu tu.