Ukingo Mweupe

"Shemeji, mbona ndege imenenepa hivi? Imejaa fremu nzima," aliuliza mjane wa mchoraji, akiwa dukani kwa shemejiye.

Fundi fremu alicheka. "Fremu ilikuwa ndogo, nikakata ule ukingo mweupe wa picha. Si ulikuwa mtupu?"

Mjane akaiweka fremu mezani. Picha hiyo ilikuwa nakala ya mwisho ya toleo dogo la picha za ndege za kivita za zamani, na mumewe aliitia sahihi kwa penseli ukingoni hapo, siku chache kabla ya kufa.

"Mtupu? Kaka yako alikuwa hapo. Kipande kiko wapi?"

"Gari la taka limepita asubuhi."

Mjane akakalia kiti cha fundi. "Basi nenda jalalani, nitakulindia duka. Ukirudi mikono mitupu, usiniite shemeji tena."